Mama wa Kamati ya Ufundi

Mimi ni fundi bomba. Naanza na hilo kwa sababu yote yaliyonikuta yametokana na neno hilo. Kama watu wa mpira wa Iringa wangenielewa siku ya kwanza, mume wangu asingeletewa kuku mweupe, na mimi nisingekaribia kutengwa kanisani.

Darasa la saba niliishia kwetu Mbeya, milimani, nikaolewa Iringa. Watoto walipoanza kujipikia ndio nikarudi shule, masomo ya jioni. Cheti cha kidato cha nne nimekipata nikiwa na mtoto wa kidato cha pili, tunagombania kamusi moja mezani. Kisha nikaenda chuo cha ufundi, jioni vilevile, nikasomea mabomba. Darasani nilikuwa mwanamke peke yangu. Mwalimu alizoea kusema, "Vijana, leo tunaunga bomba la inchi mbili," halafu ananiona, anakohoa, anaongeza, "Na mama."

Kazi ya uwanja niliipata hivi. Timu yetu ilipanda daraja, ikaingia ligi kubwa, mji mzima ukapiga honi. Baada ya honi wakaja wakaguzi wa ligi. Wakataka kuona chumba cha kubadilishia nguo cha timu ngeni. Kikafunguliwa. Ndani kulikuwa na matenga ya nyanya yamepangwa mpaka dirishani, mali ya mfanyabiashara mmoja wa Ruaha Mbuyuni aliyekuwa amepanga kile chumba kama ghala, na mlinzi ndiye aliyempangisha. Bomba halitoi maji. Choo, tuache. Wakaguzi wakasema chumba kisipokaa sawa, mechi zetu za nyumbani tutakwenda kuzichezea mkoa wa watu.

Mwenyekiti wa klabu ni mfanyabiashara wa mbao. Akaulizia fundi, akaambiwa vyoo vya kanisani kwetu vimejengwa na mama mmoja na havinuki. Alikuja katikati ya wiki, akaingia vyooni kabla hata hajanisalimia, akavuta maji mara kadhaa, akatoka anatabasamu. "Mama," akasema, "njoo uokoe timu."

Nikaanza kama fundi. Mpaka mvua zinaisha wananiita meneja wa uwanja, kwa sababu kila mwenye shida alikuja kwangu. Watu wanafikiri kuendesha uwanja wa mpira ni mpira. Mpira ni sehemu ndogo. Kuna maharusi wanaotaka kupigia picha golini, bibi harusi na viatu vya kisigino, anatoboa nyasi kama anapanda maharage. Kuna watu wa mkutano wa injili wanaoleta spika kwa lori, na lori linataka kukata kona katikati ya uwanja. Hao walikuwa wagumu kuliko wote, maana nikiwazuia wananiuliza kama nimeokoka. Nilikuwa najibu, "Nimeokoka, na nyasi nazo zinataka kuokoka." Kuna ng'ombe wa jirani ambaye hakuna ukuta aliouheshimu. Na kuna chokaa ya mistari, ambayo ukimpa kijana asiyetulia anakuchorea uwanja wenye tumbo.

Sasa ikaja siku ya mkutano wa wanachama. Tulikaa kwenye ukumbi wa hoteli, wakaanza kuunda kamati. Kamati ya fedha, mikono ikapanda mpaka ukadhani wanaomba mvua. Kamati ya mashindano, mikono. Kamati ya nidhamu, kidogo. Mwenyekiti akashusha sauti akasema, "Kamati ya ufundi. Mwenyekiti wake amehamia Songwe." Hapo ukumbi ukapoa. Huyu anatazama dari, yule anafunga kamba za kiatu.

Nikasema moyoni, tazama, wasomi wote hawa hakuna anayejua hata kubadili washa ya bomba, kile kipete cha mpira cha kuzuia maji. Nikanyoosha mkono.

Upande wa mbele alikaa mzee mmoja mfupi, aliwahi kuwa kipa wa timu hii zamani. Yeye ndiye pekee aliyebaki kwenye kamati ile. Akageuka na mwili mzima kunitazama.

"Mama, kazi za kamati hii unazijua?"

"Nimezisomea."

Watu wakaguna. Kipa akasogeza kiti. "Umesomea kwa nani?"

"Kwa mwalimu mmoja wa Njombe. Mkali huyo! Tulianza wengi, wengine wakashindwa njiani."

"Na mzee unaye?"

Nikashangaa mambo ya nyumbani yanaingiaje. Lakini nikafikiri labda wanataka kujua kama nina ruhusa. "Ninaye," nikasema.

"Wa wapi?"

"Mhehe. Wa hapahapa."

"Ana nguvu?"

"Kwa umri wake hajambo. Kiuno tu, wakati wa baridi."

"Masharti yake?"

Nikamfikiria mume wangu. "Hapendi kelele akiwa mezani. Na samaki hali."

Kipa akatikisa kichwa polepole. "Wa kweli huwa hawali samaki. Na ukimwomba jambo, anatimiza?"

"Anatimiza, ila umwombe mara moja. Ukirudia anakasirika."

Ukumbi ulipiga makofi, wengine walisimama. Mwenyekiti alinishika mkono kwa mikono yake yote miwili. Nilirudi nyumbani nikamwambia mume wangu kwamba watu wa mpira wanaheshimu sana ndoa.

Nikaingia kazini kwa moyo. Chumba cha wageni nikakitandika vigae vyeupe. Mabomba mapya, masinki mapya, milango yenye vitasa. Na kwa sababu Iringa baridi yake mnaijua, nikatengeneza kitu ninachojivunia mpaka leo: pipa kubwa nyuma ya ukuta, chini yake jiko la maranda, yale mabaki ya kuranda mbao, mwenyekiti anayo milima na milima. Ukiwasha asubuhi, mchana maji yanatoka bombani yana moto wa kuogeshea mtoto mchanga.

Mechi ya kwanza ya nyumbani, wageni wetu walitoka pwani. Siku moja kabla akaja kijana wao wa kutangulia, kavaa miwani ya jua na jua hakuna.

"Shikamoo mama. Chumba chetu kiko tayari?"

"Marahaba baba. Kiko tayari kabisa, tangu juzi nimekitia dawa. Nimemwaga kwenye kona zote, na mlangoni nimemwaga mara mbili, maana pale mnapita wote."

Akavua miwani. "Dawa gani, mama?"

"Kali. Ukivuta pumzi unaisikia mpaka kifuani. Hata inzi akiingia hatoki. Njoo uone."

Hakuja kuona. Aliniaga kwa adabu kubwa, akaondoka kinyumenyume mpaka getini.

Kesho yake nikawasha pipa mapema. Moshi ukapanda nyuma ya chumba cha wageni, mweupe, mzuri. Nikasimama mlangoni na aproni safi niwapokee. Basi lao likafika, likasimama nje, halikuingia. Nikasubiri. Wakabadilisha nguo ndani ya basi, mapazia yamefungwa. Halafu nikaona kitu ambacho sikukielewa: wanaume wazima, wanaolipwa mshahara kwa kazi hiyo, wanapanda ukuta wa uwanja kama watoto wanaoiba mapera. Mmoja bukta ilinasa kwenye seng'enge akabaki ananing'inia, anawaita wenzake na hakuna anayegeuka.

Upepo wa Iringa siku hiyo ulikuwa wa kuchuna ngozi. Watoto wa joto hawa walicheza mikono imo kwapani. Tukawafunga. Mimi nilikuwa chumbani natazama vigae vyangu ambavyo hakuna mguu uliovikanyaga, machozi yananitoka. Kipa wa zamani akachungulia, akaona machozi, akavua kofia.

"Mama," akasema kwa sauti ya msibani, "wewe ni hatari."

Jioni mtangazaji mmoja wa redio ya mjini akasema timu yetu safari hii ina kamati ya ufundi imara, na kwamba inaongozwa na mama. Nikafurahi. Nikajua anasifu mabomba.

Mume wangu ni fundi cherehani, mtu mpole, hana maneno. Wiki ile akaanza kuamkiwa. Watu wazima walimpisha njiani. "Kamwene, mzee," wanasema, wameinama, wameshika kiwiko. Mchezaji mmoja alileta viatu vyake vya mpira, akamwomba avishike tu. Akavishika. Akaniambia, "Mke wangu, mpira umebadilisha mji huu. Zamani walikuwa wanakuja kuchukua suruali, wanaondoka bila hata kusema ahsante." Halafu wapenzi wa timu wakaleta kuku, jogoo mweupe, bila doa, amefungwa miguu. "Wa mzee," wakasema, wakaondoka haraka. Tukamla na wali wa mchele wa Madibira. Alikuwa mtamu.

Kipa wa zamani akaja baada ya siku mbili, anaongea kwa kunong'ona.

"Yule kuku, mzee amemtumiaje?"

"Kifua alikula yeye. Mapaja wakala watoto."

"Na damu?"

"Damu gani? Ilikwenda na maji."

"Manyoya?"

"Jalalani."

Akakaa kwenye ngazi za jukwaa, akashika kichwa. "Mama, hivi wewe unajua kamati ya ufundi ni nini?"

"Si mabomba?"

Mzee yule akanieleza. Nchi nzima inajua, nilikuwa sijui mimi peke yangu, maana mpira nilikuwa siufuatilii. Kamati ya ufundi ni jina la heshima. Kazi yake ni mambo ya giza: timu ipite mlango gani, nini kifukiwe golini, mganga gani aitwe. Na huyo mganga, kwa heshima, wanamwita mzee.

Nikasimama palepale nikasali kwa sauti. Kipa akatazama huku na huku. "Polepole mama, watu watasikia."

"Wasikie! Nakwenda kuwaambia wote mimi siyo mchawi!"

"Usiseme," akanisihi. "Tunashinda."

Nilisema. Nilimwambia mwenyekiti, akacheka akanikonyeza. Nilimwambia mtangazaji, akatangaza kwamba mama anakanusha. Sokoni nilikanusha kwenye mafungu ya nyanya na kwenye mafungu ya dagaa. Ndio nikajifunza kwamba uchawi ni kitu pekee ambacho ukikikana unapandishwa cheo. "Mtaalamu wa kweli hajitangazi," wakasema. Timu zikaendelea kuja, zikaendelea kuruka ukuta, zikaendelea kupigwa na baridi halafu na sisi. Na kila tukishinda, kanisani benchi langu linaongezeka nafasi.

Mchungaji akaniita mbele ya baraza la wazee wa kanisa. Sisi ni Walutheri, mambo yetu ni kwa utaratibu, hata kugombezwa kunafunguliwa kwa sala. Mzee mmoja wa baraza, mwenye duka la vifaa vya shule, ndiye aliyesimama. Sauti yake ni ya kwaya, besi.

"Mama, chumba cha wageni umetia dawa, hujatia?"

"Nimetia. Ya choo."

"Moshi ulikuwepo, haukuwepo?"

"Ulikuwepo. Wa maranda. Nachemsha maji."

"Na kuku mlimpokea?"

"Tulimpokea, hatukujua. Tukamla."

"Mweupe?"

"Baba mzee, ukishawanyonyoa kuku wote ni weupe."

Wawili wakacheka, mchungaji akagonga meza. Akasema yeye binafsi ananiamini, lakini waumini wanasema. Nijiuzulu tu ile kamati, mambo yaishe. Nisipojiuzulu, baraza halitakuwa na njia, litanitenga. Na kutengwa maana yake hushiriki Meza ya Bwana mpaka utakaporudishwa.

Hapo ndipo paliponichoma. Binti yangu mdogo alikuwa anamaliza mafundisho ya kipaimara. Siku ya kipaimara mtoto anashiriki Meza ya Bwana kwa mara ya kwanza, na kwetu mama anapiga magoti pembeni yake. Nimepiga magoti na kaka zake. Huyu wa mwisho ningemtazama nikiwa kwenye benchi la nyuma, kama mgeni aliyeingia kukwepa mvua.

Ningeweza kujiuzulu. Ni neno moja. Lakini nikasema, "Baba mchungaji, nikijiuzulu leo, kesho watasema alikuwa mchawi, ameacha. Siwezi kuacha kitu ambacho sijafanya. Mimi nilichaguliwa kwenye ufundi, na mimi ni fundi. Njooni wenyewe muingie kile chumba."

Mchungaji akafikiri. Mechi iliyofuata ilikuwa na timu ya Mbeya. Akasema atakuja, na mzee wa duka atakuja naye, na Jumapili baada ya ibada baraza litaamua.

Nyumbani binti yangu alikuwa anajaribu gauni lake jeupe mbele ya kioo. "Mama, si uache tu hiyo kamati," akasema bila kugeuka. "Nitapiga magoti na nani?"

"Na mimi."

"Na wakikutenga?"

"Geuka nione pindo," nikasema. Pindo lilikuwa sawa.

Nilichohitaji kilikuwa kimoja: timu ngeni iingie mlangoni, ioge, itoke salama, mchungaji akiwa anatazama. Na watu wa Mbeya ni watu wangu. Nikampigia mdogo wangu wa kike, anauza mitumba Mwanjelwa, na kwenye ushangiliaji wa timu yao yeye ndiye mwenye sauti.

"Ugonile, dada mchawi!" ndivyo alivyopokea simu.

"Na wewe?"

"Huku kila mtu anauliza. Nimewaambia dada yangu alikuwa hawezi hata kuroga uji usiungue."

"Njoo uwaambie wachezaji wenu waingie kwenye chumba changu."

"Waingie? Dada, wameshanunua ngazi."

Kweli walikuja na ngazi. Basi lao likafika, na ngazi imefungwa juu kama lori la mafundi rangi. Mchungaji alikuwa amesimama na mimi mlangoni, kola shingoni, na mzee wa duka pembeni yake kavaa suti. Moshi wa maranda unapanda. Wachezaji wakashuka, wakaona moshi, wakaona kola, wakarudi nyuma.

"Wana mpaka mchungaji!" mmoja akasema.

"Jamani wanangu," mchungaji akaita, "ingieni, ni chumba tu!"

"Ingia wewe kwanza, baba!"

Akaingia. Akatoka. Wakasema yeye hahesabiki, yeye ana kinga yake. Akaingia mzee wa duka, akatoka anafuta miwani kwa mvuke. Wakasema huyo ni wa hapahapa. Kamisaa wa mchezo anatazama saa, ngazi inaanza kushushwa. Ndipo mdogo wangu akapasua kundi, kitenge kiunoni, filimbi shingoni.

"Nipisheni! Naingia mimi. Huyu ni dada yangu tumbo moja. Akiniroga mimi, watoto wangu wote atawalea yeye, na wanakula kama jeshi. Hawezi kuthubutu!"

Akaingia, akafunga mlango.

Tukasubiri. Maji yakasikika kidogo, halafu hatukusikia kitu. Mchungaji akaniangalia. Nami nikaanza kuomba, maana na vigae vile ukiteleza! Nahodha wao akasema, "Amekwisha." Mwingine akasema, "Nani atampigia mume wake?"

Mlango ukafunguka. Mvuke ukatoka kwanza, halafu mdogo wangu, nywele zinachuruzika, uso unang'aa kama andazi.

"Maji ya moto!" akapiga kelele. "Jamani, ni maji ya moto! Kwangu sina! Dada, mafuta ya kujipaka yako wapi?"

Ikawa kama umefungua zizi. Kikosi kizima kilipita mlangoni kwa wakati mmoja, na kocha, na dereva wa basi. Kutoka Mbeya ni mbali, walikuwa wamekaa kwenye baridi tangu asubuhi. Wakaoga. Wakaimba. Mmoja akaniomba dodoki. Kamisaa akagonga mlango, wakamjibu wanakuja, akagonga tena, wakasema bado hawajasugua mgongo. Mchungaji alikuwa anacheka mpaka kola imepinda. Mimi nilikuwa nashukuru Mungu kimoyomoyo, nimeshapona, chumba kimeonekana ni chumba.

Halafu mpira ukaanza.

Sijui niseme vipi. Mtu aliyekaa kwenye baridi akaoga maji ya moto muda mrefu hawi mtu wa kukimbia, anakuwa mtu wa kutafuta blanketi. Beki wao alikuwa anapiga miayo kwenye kona. Kipa wao aliufuata mpira kwa macho tu, kwa upole, kama anasindikiza mgeni. Tulishinda tatu bila, nao walikuwa wanatabasamu muda wote.

Kipa wetu wa zamani akanijia baada ya mechi. "Mama," akasema, "kuwaroga nimeona kwingi. Kuwachemsha kama viazi sijawahi kuona."

Nikajua nimekwisha.

Jumapili baada ya ibada nikakaa mbele ya baraza. Nje dirishani waumini wamejazana, wanajifanya wanasalimiana. Mdogo wangu alikuwa amelala kwangu, basi lilimwacha, akaja na jezi ya timu yake kwa sababu hakuwa na nguo nyingine. Mzee wa duka akafungua kwa besi yake.

"Niliingia mle ndani. Ni chumba, na ni kisafi kuliko kwangu. Lakini wale vijana walilegea, tuliwaona wote. Je, kumlegeza mtu kwa makusudi siyo uganga?"

"Sikukusudia," nikasema. "Nilikusudia waoge."

"Ushahidi?"

Mdogo wangu akasimama bila kuitwa. "Wazee wangu, shikamooni. Mimi nimefungwa tatu bila. Nimepoteza sauti na basi limeniacha. Kama kuna mtu hapa mwenye sababu ya kusema huyu ni mchawi, ni mimi. Na natamani niseme, nikirudi Mwanjelwa nitasema nini mimi? Lakini yalikuwa maji tu. Yalikuwa mazuri mno. Kosa ni letu, tuliambiwa tunawe tukahamia."

Dirishani watu wakacheka. Mchungaji akasubiri watulie. Akasema kwamba kumpa maji anayekuja kushindana na wewe hajaona pameandikwa kuwa ni dhambi, ameona pameandikwa kinyume chake. Akasema ameingia mle chumbani kwa miguu yake mbele ya umati. "Mkimtenga yeye kwa sababu ya chumba kile, mnitenge na mimi, na mtafute wa kuhubiri Jumapili ijayo."

Hakuna aliyetaka kuhubiri. Mzee mmoja akauliza kwa sauti ndogo kama basi angalau jina la kamati lingebadilishwa. Nikasema nilishaomba klabuni, wamekataa, wanasema wapinzani wataona tumeishiwa. "Lakini jina ni letu mafundi," nikasema. "Wao ndio waliliiba. Mimi nakaa nalo mpaka lirudi."

Mchungaji akafunga kwa sala. Wakati watu wamefumba macho mimi nilifumbua langu moja, nikamwona binti yangu dirishani. Alikuwa amebana kinywa kwa kiganja, mabega yanacheza, na sikujua kama analia au anacheka.

Siku ya kipaimara kulikuwa na baridi na kanisa limejaa. Tulikwenda mbele kwa safu, mabinti na magauni yao, mama zao na vitenge vipya. Binti yangu akapiga magoti, nami nikapiga magoti pembeni yake, goti langu likalia, akanitupia jicho. Mchungaji akapita na mkate. Nyuma yake akaja mzee wa duka amebeba sinia la vikombe vidogo, anatembea kwa uangalifu, uso mzito. Akamfikia binti yangu, akampa. Akanifikia mimi. Akainama kunipa kikombe, zaidi kidogo ya inavyotakiwa, nikahisi pumzi yake sikioni.

"Mama," akanong'ona kwa besi, "Jumamosi tunashinda?"

Besi hainong'oni. Safu nzima ilisikia. Binti yangu akapaliwa na divai yake ya kwanza, nikampiga mgongoni taratibu kwa mkono mmoja, mkono mwingine nimeshika kikombe kisimwagike, na kwa kuwa mzee alikuwa bado ameinama anasubiri, nikamwambia, "Amina, baba, endelea na wengine."